Dawa ya Mchwa

Siku Immakulata alipokuja kuchukua pipa la dawa, Mudathiri alimtukana mbele ya watu, na baadaye hilo ndilo lililomuuma kuliko yote yaliyompata mwaka ule.

Ilikuwa Jumanne ya mwanzo wa Februari. Mvua ya asubuhi ilikuwa imekatika, na barabara ya Mwilamvya bado inatiririsha matope mekundu. Karakana ya Mudathiri ilikuwa wazi pande zote mbili. Chini ya paa la bati mbao za mkaratusi zilikuwa zimeegemezwa ukutani, zinachuruzika maji meupe. Ndivyo alivyofanya kazi kwa miaka ishirini na miwili: unga wa dawa ya mchwa unakorogwa ndani ya pipa kwa fimbo, mbao zinalowekwa humo mpaka zishibe, na kitanda kinachotoka pale hakiguswi na mchwa wala bungua, yule mdudu anayetoboa mbao. Watu wa Kasulu walikuwa wakisema kitanda cha Mudathiri hukinunui, unakirithisha.

Immakulata alikuwa binti mfupi wa miaka ishirini na kitu, amevaa buti za mvua, faili amelikumbatia kifuani. Nyuma yake alisimama mgambo mmoja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Tukufanyie kitanda au kabati?"

"Sikuja kununua, baba. Nimetoka wilayani. Nimekuja kwa habari ya hii dawa unayolowekea mbao. Imepigwa marufuku. Tangazo lilisomwa redioni, na karatasi imebandikwa pale kata tangu mwezi wa kwanza."

"Redio yangu mimi inasoma mpira," Mudathiri akasema, na watu waliokuwa wakisubiri bodaboda nje wakacheka.

Kicheko kile kilimpa kichwa. Immakulata alieleza taratibu kwamba dawa hiyo haitoki mwilini upesi, kwamba inaingia kwa ngozi, kwa pumzi na kwa chakula, kwamba hata nchi zilizoitengeneza zimeiacha. Mudathiri hakumsikiliza. Alikuwa anatazama idadi ya watu mlangoni ikiongezeka, akaona heshima yake ya miaka yote imewekwa sokoni na mtoto wa juzi.

"Binti," akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "nenda kwanza ukaolewe. Ukishajua kinachofanya kitanda kivunjike, ndiyo urudi kunifundisha habari ya vitanda."

Watu waliangua kicheko. Hata mgambo alitazama pembeni akiuma mdomo. Immakulata alitoa glovu mfukoni, akavaa, akafunga barakoa, akaziba mdomo wa pipa kwa karatasi nzito na utepe. Alipomaliza aliandika tarehe juu ya utepe, akauliza kwa sauti ile ile ya mwanzo:

"Makopo ya unga, baba. Matupu yanakwenda wapi?"

Mudathiri alinyoosha kidole kuelekea uani bila kufikiri. Makopo yale yalikuwa mazuri, ya bati gumu, yenye mfuniko unaobana. Nani angeyatupa?

*

Uani, mkewe Kuruthumu alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua mchicha, mbali na jiko. Jikoni alikuwako mtoto wa jirani aliyekuwa akipewa posho ndogo kumsaidia kukoroga ugali, kwa sababu Kuruthumu alikuwa haruhusiwi kukaa karibu na moto.

Immakulata alisimama mlangoni pa jiko akayahesabu kwa macho. Kopo la chumvi. Kopo la majani ya chai. Kopo lililotobolewa na kutiwa mpini wa mti, la kuchotea maji mtungini. Na pembeni, gunia la maharage, na juu ya maharage vumbi jeupe kama unga wa muhogo.

"Mama, haya maharage mmeyatia nini?"

"Ile ile ya mchwa," Kuruthumu akajibu. "Kidogo tu, dumuzi wasiyatoboe. Huwa tunayaosha vizuri kabla ya kupika."

"Tangu lini?"

"Tangu tulipohamia hapa. Mwaka wa saba huu."

Immakulata alichuchumaa mbele yake, akashusha barakoa ili aonekane uso.

"Mama, nisamehe kwa swali hili. Katika nyumba hii kuna mtu anayetetemeka, au kuumwa kichwa sana, au kuanguka?"

"Hakuna," Mudathiri akajibu haraka kutoka nyuma.

Lilikuwa jibu alilolizoea. Alilitoa kwa ndugu, kwa majirani, kwa shehe, kwa wakwe wa binti yao Shadia walipokuja kutoka Kakonko kuposa. Miaka sita alikuwa akijenga ukuta wa neno hilo moja kuzunguka mkewe. Lakini safari hii Kuruthumu aliweka mchicha chini.

"Yupo," akasema. "Ni mimi."

Mudathiri aliona aibu kana kwamba amevuliwa nguo. Kuruthumu hakumtazama. Aliongea na binti yule kama anayeongea na mtu waliyejuana siku nyingi. Alisema huanza na mwanga kwenye pembe ya jicho, kisha ulimi unakuwa mzito, kisha haoni tena mpaka anapoamka amelowa, ameuma ulimi, na watu wamesimama juu yake. Kila baada ya wiki tatu, wakati mwingine mbili. Kwamba mwaka juzi aliangukia jikoni kwenye harusi ya jirani, mkono ukaungua, na tangu siku hiyo wanawake wenzake wanapokwenda kupika shughulini humwambia akae na wageni. Kumwambia mwanamke wa Kasulu akae na wageni wakati wenzake wanapika ni kumwambia kwamba amekwisha.

"Wengine wanasema kifafa, wengine shetani," akamaliza. "Nimemeza vidonge miaka minne. Nimesomewa. Nimefukizwa."

"Sisemi ni hii dawa, mama," Immakulata akasema. "Mimi si daktari. Lakini rudini hospitali, na safari hii mbebe habari ya makopo. Mkitaja ugonjwa bila kutaja makopo, daktari atabahatisha."

Akamwandikia kwenye karatasi jina la dawa kwa herufi kubwa, akasema kesho gari litakuja kuchukua pipa, makopo na yale maharage.

"Na maharage pia?" Mudathiri akauliza. "Tutakula nini mpaka mavuno?"

"Pole, baba," Immakulata akasema. Akaondoka akipita katikati ya watu wale wale waliomcheka.

*

Jioni ile Mudathiri alileta ndoo mbili, akaanza kuteka maharage kutoka guniani.

"Unafanya nini, Baba Shadia?"

"Nusu nayaficha. Tutayaosha maji matatu, manne. Wao wana mishahara, hawajui gunia la maharage lina jasho gani."

Kuruthumu alisimama. Alikuwa mwanamke mwembamba, na katika miaka ile sita alikuwa amejifunza kusema kidogo ili asimchokoze aliyelala mwilini mwake. Alikwenda akakaa juu ya gunia kama anayekalia kigoda.

"Nimeanguka sokoni," akasema. "Nimeanguka msalani. Nimeanguka Shadia akiwa na siku mbili tangu ajifungue, nusura nimwangukie mtoto, tangu hapo mwanangu hanipi mjukuu nimpakate. Ananiambia, mama, kaa kwanza, mtoto amelala. Mtoto yuko macho ananitazama. Kama kuna nafasi moja tu kwamba ni haya maharage, mimi nitakula kisamvu kikavu mpaka mwezi wa saba. Wewe ukitaka, kula. Lakini usinipikie."

Mudathiri akayarudisha maharage guniani, mikono yake yote miwili ikifanya kazi pembeni mwa sketi ya mkewe, kwa sababu yeye hakuinuka.

Asubuhi gari lilikuja. Lilichukua pipa, makopo kumi na saba na gunia. Siku ya pili walikwenda hospitali, na kwa mara ya kwanza Mudathiri aliingia na mkewe hadi chumba cha daktari badala ya kubaki nje akizungumza habari za mvua. Yeye ndiye aliyetoa karatasi. Yeye ndiye aliyesema, "Tulikuwa tunatia kwenye chakula." Maneno hayo manne yalikuwa mazito kutoka kuliko shina la mninga.

Daktari, mtu mzima mwenye mvi, aliisoma karatasi mara mbili. Hakuapa kitu. Alisema dalili zinafanana na za sumu ya aina hiyo, kwamba mwili huitoa polepole, kwamba vidonge aendelee navyo vile vile, na unga huo usirudi tena katika nyumba, nguo wala maji. "Mungu akipenda," akasema, "tutajua kwa kuhesabu siku."

Mudathiri alirudi akakwangua udongo wa karakana yote, kina cha kiganja, akaupeleka walikomwelekeza. Nguo za kazi alizichimbia. Tangu siku hiyo alioga kabla ya kuvuka mlango wa nyumba. Na wakaanza kuhesabu.

*

Lakini nyumba hailishwi kwa kuhesabu siku. Mudathiri alikuwa ameshika kazi kubwa kuliko zote alizowahi kushika: vitanda arobaini vya bweni la wasichana, katika shule moja ya sekondari kule Heru Juu. Vilitakiwa Julai, shule zikifunguliwa. Mwalimu mkuu, Mwalimu Apoline, alikuwa mwanamke wa kunyoosha mambo, na katika makubaliano aliandika kwa mkono wake: mbao zitiwe dawa ya wadudu. Bweni la kwanza lilikuwa limeliwa na bungua mpaka kitanda kimoja kikavunjika na mtoto akateguka bega.

Habari za marufuku zilimtangulia kila alikokwenda. Mteja aliyekuwa ameagiza kabati alikuja akasema amebadili nia. Mwingine alipita karakana bila kusalimia, akaingia kwa fundi wa jirani. Kwenye kijiwe cha kahawa mtu mmoja alimuuliza kwa sauti, "Fundi, siku hizi vitanda vyako unaviuza pamoja na mchwa wake?" Wale waliocheka siku ya Immakulata wakacheka tena, na safari hii Mudathiri alijua ladha ya kicheko hicho kikiwa kinywani mwa wengine.

Saidi mwenye duka la vifaa vya ujenzi alimwita nyuma ya duka. Walikuwa wamesoma madrasa moja, na Saidi alimwonea huruma ya kweli.

"Ndugu yangu, usife na kiu kando ya kisima," akasema. Akavuta mfuko wa sukari wa kilo mbili kutoka chini ya magunia ya saruji. Haukuwa na sukari. "Umeingia kupitia mpaka wa Munanila wiki iliyopita. Ni unga ule ule. Tia mbao zako alfajiri, zikauke, nani atakujua? Wakipima, watapima nini? Kitanda?"

Mudathiri aliupokea. Hakuna haja ya kumpamba: aliupokea, akauweka ndani ya koti, akashukuru. Njiani alikuwa tayari anapanga. Ataufanyia kazi shambani, mbali na nyumba. Ataoga mtoni. Kuruthumu hatahusika na lolote.

Alipokaribia kwake alisikia harufu ya mandazi. Akasimama nje ya ua wa miti ya mihogo na matete. Kuruthumu alikuwa amekaa kwenye kigoda, mbele ya mafuta yanayochemka, peke yake. Yule mtoto wa jirani hakuwapo. Mwanamke aliingiza dandazi, akaligeuza, akalitoa, akalitazama kama anayetazama pete. Ilikuwa siku ya arobaini na saba. Hajaanguka hata mara moja. Alikuwa akiimba kitu kwa Kiha, wimbo wa kulimia, kwa sauti ndogo ya mtu asiyetaka kuishitua neema iliyotua.

Mudathiri alibaki na mfuko kifuani, akahisi kana kwamba amebeba nyoka anamleta nyumbani kwa kumwahidi kwamba atalala nje. Na wazo lingine likamjia, ambalo kabla ya hapo hakuwahi kuliwaza hata siku moja katika miaka ishirini na miwili: juu ya vitanda vile watalala wasichana arobaini. Mashavu yao yatakuwa juu ya mbao. Wataning'iniza sare zao juu yake. Kila mmoja ana mama yake.

Akageuka na mvua ikaanza kunyesha. Alimkuta Saidi anafunga duka.

"Chukua, ndugu yangu. Na wewe usikae nao."

"Umemwogopa yule binti?"

"Namwogopa Mungu, na namwogopa mke wangu," Mudathiri akasema. "Kuruthumu anapika mandazi, Saidi. Anapika mwenyewe."

Saidi, aliyemjua Kuruthumu tangu usichana, hakucheka. Alichukua mfuko, akautazama kwa muda kama anauona sasa. Kesho yake aliupeleka mwenyewe wilayani, akasema ameuokota. Walimpokea bila kumuuliza ameuokota wapi.

*

Kwenda kwa Mwalimu Apoline kulihitaji ujasiri wa aina nyingine. Mudathiri alipanda bodaboda hadi Heru Juu, akakaa benchini nje ya ofisi pamoja na wanafunzi wawili waliochelewa, akaitwa baada yao.

"Mwalimu, sina dawa," akasema akiwa bado amesimama. "Iliyokuwepo ni sumu; tulikuwa tunaitia hadi kwenye maharage, na mke wangu anaumwa. Ningeweza kukudanganya. Ungepokea vitanda, ungetia saini, usingejua. Sitaki. Ukitaka kuninyang'anya kazi, una haki."

Mwalimu Apoline alivua miwani. "Na bungua?"

"Sijui bado."

"Fundi, umekuja kuniambia hujui?"

"Ndiyo, mwalimu."

Alimtazama mpaka Mudathiri akatamani sakafu ipasuke. Kisha akasema, "Nina wiki moja ya kukusubiri. Nenda ukajue."

Aliyejua alikuwa mzee Ndayisaba, mpasua mbao wa zamani aliyezaliwa ng'ambo ya mpaka, Burundi, na kuzeekea Heru Juu. Mudathiri alimjua miaka yote kama mzee wa kusalimiwa tu. Alimkuta anapura mtama.

"Mwakeye, mzee."

"Twakeye, fundi. Kaa."

Aliposikia shida yenyewe, mzee alicheka mpaka akakohoa. "Kabla ya huo unga wenu wa kizungu watu walikuwa wakilala chini? Kitanda nilichozaliwa juu yake, mama yangu amefia juu yake." Akapangusa macho. "Bungua hali mti, fundi. Anakula utamu ulio ndani ya mti. Utoe utamu, atakaa afanye nini?"

Akamfundisha. Mbao nyeupe ya nje aiache, kwa sababu ndiyo yenye utamu; achukue kiini. Kilichopasuliwa kilazwe kwenye maji yanayotembea, kikandamizwe kwa mawe, majuma sita. Maji yataoza, yatanuka, asishituke; ule ndio utamu unaondoka. Kisha kikauke kivulini, taratibu, si juani, mbao zikipishana zipate upepo. Na miguu ya vitanda isiguse udongo kamwe, kwa sababu mchwa ni mwizi anayependa mlango wazi.

"Majuma sita kwenye maji na sita kivulini," Mudathiri akasema akihesabu. "Julai itanikuta mlangoni."

"Ego, ndiyo. Basi unakaa kufanya nini hapa?"

Haikuwa kazi rahisi. Kuchagua kiini peke yake kulimaanisha kununua magogo zaidi, na faida yote ya vitanda vile ilikwenda na maji. Walikula kisamvu na viazi hadi wakachoka kuvitazama. Mara mbili mvua za Aprili ziliufurisha mkondo ukazibeba mbao, na Mudathiri, mtu wa miaka hamsini na nne, akashuka bondeni na suruali imekunjwa magotini kuzifukuza mbao zake kama anayefukuza mbuzi. Mzee Ndayisaba alikuja kila Ijumaa na fimbo yake, akichoma mbao kwa kisu, anaonja ncha ya kisu kwa ulimi, anatema. "Bado tamu," husema, na Mudathiri anarudi zamu nyingine. Katikati ya Mei alionja, akatulia, akasema, "Imana ishimwe, Mungu asifiwe. Sasa hata mimi singeila."

Vitanda vilifika Heru Juu siku tatu baada ya shule kufunguliwa. Wasichana walikuwa wamelala kwenye magodoro sakafuni siku hizo tatu, na Mwalimu Apoline alimkaripia mbele ya wanafunzi wote paredini. Mudathiri alikaripiwa kimya, mikono nyuma, kama mwanafunzi. Alikuwa ameahidi kuja kuvikagua kila mwisho wa muhula kwa miaka mitano bila malipo, na mwalimu, baada ya kumaliza kumkaripia, aliliandika hilo pia kwa mkono wake. Mudathiri alipokuwa anaondoka, mwalimu alimpa mfuko wa maharage ya shamba la shule. "Haya hayana kitu," akasema. "Mpelekee mama."

*

Mwezi wa Septemba Shadia alikuja kutoka Kakonko na mtoto mgongoni. Aliingia uani, akamfungua, na kabla hajamaliza kusalimia alimweka mapajani mwa mama yake, akaenda kunawa miguu kana kwamba hakuna jambo lolote lililotokea. Kuruthumu alikaa na mjukuu bila kusogea mpaka ganzi ikamshika. Ilikuwa zaidi ya miezi sita. Alikuwa ameanguka mara moja tu, mwezi wa tano, na kwa muda mfupi. Daktari alipoambiwa aliandika kitu, akatabasamu, akasema bado hawezi kuapa.

Usiku huo Kuruthumu alisema, "Yule binti. Tulimshukuru?"

Mudathiri alijua amemaanisha nani. Alijua pia kwamba tangu Februari amekuwa akipita njia ya nyuma kuliepuka jengo la wilaya.

Walipouliza, wakaambiwa amehamishiwa Kibondo. Basi wakapanda gari la asubuhi kwenda Kibondo, Kuruthumu dirishani. Miaka sita hakuwa amesafiri, kwa hofu ya kuangukia miguuni mwa watu wasiomjua. Njia nzima alikuwa akimwonyesha mumewe vilima, kama mgeni wa nchi hiyo. Walibeba kuku na mkungu wa ndizi.

Immakulata aliwakuta kwenye korido ya ofisi. Alikuwa amekonda. Aliwaamkia, akawatazama usoni kwa heshima ya mtu anayetafuta jina.

"Hutukumbuki," Mudathiri akasema.

"Nisameheni, baba. Naingia nyumba nyingi."

"Mimi ndiye niliyekwambia ukaolewe kwanza."

Immakulata aliinamisha kichwa. "Hilo nimeambiwa na wengi," akasema, na hakukuwa na uchungu ndani yake, ilikuwa taarifa tu. Hapo Mudathiri akaona ukubwa wa alichokifanya: hata tusi lake halikuwa la pekee, lilikuwa tone katika mvua ambayo binti huyu alitembea ndani yake kila siku na buti zake.

"Nilikosa," akasema. "Nilikutukana ukiwa umeniletea mke wangu mkononi. Nimekuja kusema hivyo mbele ya watu, kwa sababu nilikutukana mbele ya watu." Na alisema kwa sauti, hata makarani wawili wakatoa vichwa madirishani.

Kuruthumu alimshika Immakulata mikono yote miwili, akaiweka kwenye mashavu yake, kushoto na kulia. Ndipo binti akakumbuka. Alitazama kovu la moto kwenye mkono ule, na macho yake yakajaa.

"Mama wa maharage," akasema. Kisha, baada ya kujifuta, "Mwaka wa tatu nafanya kazi hii. Hakuna aliyewahi kurudi."

Walikaa benchini wakazungumza. Immakulata aliuliza habari za mbao, na Mudathiri akamweleza maji, mawe na majuma, naye akayaandika yote. Mwisho akatazama saa, akafunga faili kwa uzito wa mtu anayejiandaa kwenda kubeba mzigo. Alikuwa na fundi mmoja pale pale Kibondo, Constantin, ambaye mara mbili amemfungia mlango.

"Twende wote," Mudathiri akasema.

Karakana ya Constantin ilikuwa nyuma ya soko, na watu walikuwapo wa kutosha kucheka. Constantin alikuwa mtu mpana, pipa liko nyuma yake, mbao zinachuruzika. Alipowaona alipaza sauti kwamba leo serikali imekuja na wazee wake. Immakulata akafungua mdomo, lakini Mudathiri alikuwa tayari amevuka kizingiti, ameketi juu ya gogo bila kukaribishwa, kama mafundi wanavyofanyiana.

"Mwenzangu," akasema, "mimi ni seremala wa Kasulu. Huyu binti alinikuta na pipa kama hilo lako. Nilimwambia neno ambalo siwezi kulirudia mbele ya mke wangu. Na huyu hapa ndiye mke wangu. Miaka sita alikuwa anaanguka."

Constantin alikuwa na randa mkononi. Watu nje walikuwa wanasubiri jibu lake, nyuso zimeshajiandaa kucheka. Hakuwatazama. Alitazama mlango wa nyumba yake, uliokuwa umerudishwa nusu. Kisha akaweka randa chini.

"Alikuwa anaanguka vipi?" akauliza kwa sauti ya chini.

Kuruthumu alisogeza gogo lingine, akakaa karibu naye, na ndiye aliyemjibu.